Siku Tisini na Ng'ombe wa Dominika

Jumatatu, 10 Machi

Mimi ni Sirili Ndelilio wa Kirua Vunjo. Nina miaka sabini na tano na meno yangu yote ninayo, ukiacha manne. Shule nilisoma madarasa mawili. Mwalimu alisema nawapita wote kwa akili, baba akasema basi inatosha, akanipa jembe. Kwa hiyo anayesoma asicheke mwandiko.

Mke wangu Dominika ameondoka leo asubuhi kwa basi la Dar. Binti yetu Gladys amejifungua mapacha, na kwetu mzazi hashiki hata ufagio kwa miezi mitatu. Anakaa, anakula, ananenepa, na mama yake ndiye anayempikia mtori. Dominika amebeba mikungu miwili ya ndizi na chupa mbili za samli, kama vile Dar hawali.

Kijana wetu Denis, anayekaa Moshi mjini, alikuja na gari kumpeleka stendi. Maneno yakaanzia hapo hapo uani.

“Baba, ng'ombe ana mimba na mama hayupo. Tumuuze sasa hivi, wewe ushuke ukae kwangu. Chumba kipo.”

“Nishuke nikafanye nini?”

“Upumzike.”

“Anayepumzika ni marehemu.”

Dominika alikuwa anafunga kamba ya mzigo. Akasema bila kuinua kichwa, “Kweli, Denis. Tangu tuoane, baba yako hajamkatia ng'ombe hata jani moja. Asubuhi anatoka, jioni anarudi anauliza chai.”

“Majani!” nikasema. “Kukata majani nayo ni kazi ya kuhesabu? Mimi nimechimba mfongo, mfereji mzima wa maji kutoka msituni, na watu arobaini nyuma yangu!”

Tukakubaliana hivi, tukashikana mikono, Dominika shahidi. Sista azae salama na Dominika amkute na afya yake, basi nabaki kwenye kihamba changu, shamba nililoachiwa na baba, na habari za mjini zife. Lakini akikonda, akiugua, au ndama akipotea, Sista anauzwa na mimi nashuka mjini kukalia kochi. Sista ndiye ng'ombe. Mwili mweusi, uso mweupe, kama mtawa, ndiyo maana Dominika akamwita hivyo. Padri alipomwona alicheka.

Kisha Dominika akanipa hili daftari, kaunta buku jipya. “Andika kila siku umefanya nini. Nikirudi nitasoma.” Na gari likaondoka.

Mkono unauma kuliko kulima.

Jumanne, 11 Machi

Nimekata majani. Kazi rahisi. Saa tatu asubuhi nimemaliza, nikaenda kilabuni kwa Jesse kunywa mbege na kuwaeleza wenzangu. Walisikia.

12 Machi

Kama jana.

Ijumaa, 14 Machi

Sista anakataa kula. Nimemletea mzigo ambao hakuna mwanamke wa kitongoji hiki anaweza kuubeba. Ameunusa, ameukanyaga, akajisaidia juu yake. Nikampigia Dominika.

“Umemkatia nini?”

“Majani.”

“Majani gani?”

“Ya kijani.”

Alicheka mpaka nikasikia mtoto mmoja anaamka huko Kimara kwa Gladys, halafu wa pili. “Baba Denis, wewe ungewekewa ndizi zenye mizizi na udongo ungekula?”

Nikamwambia mtandao unasumbua.

17 Machi

Mvua za masika zimeanza.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Nimeteleza mara mbili na mzigo kichwani. Hakuna aliyeona ila Bernadetha, na huyo si mtu wa kuhesabu.

Bernadetha ni jirani yetu wa upande wa juu, mjane wa Filemon. Mwaka wa kumi na tisa huu hatusalimiani. Filemon alihamisha masale. Masale ni ile mimea ya mpakani, myembamba, yenye majani marefu, ambayo baba zetu walipanda kutenganisha kihamba na kihamba. Kwetu anayegusa isale la mpaka ni sawa na aliyeingia chumbani mwako. Mwaka ule nilipima kwa miguu yangu mwenyewe, masale yameingia kwangu hatua moja na nusu. Nikampeleka Filemon mbele ya wazee nikamwita mwizi. Wazee walikuna vichwa, wakasema yaachwe. Sikuyaacha. Filemon alipofariki, miaka minne iliyopita, sikwenda kutupa udongo. Dominika alikwenda peke yake.

Ndiyo hivyo. Mimi nikisema neno huwa nimelisema.

22 Machi

Nimemaliza saa mbili na nusu. Nazidi kuwa mwepesi.

Jumatatu, 24 Machi

Leo nitaandika hata mkono ukikatika.

Kilabuni kulikuwa na ubishi wa kumalizia, nani hasa alikuwa wa kwanza kufikisha maji ya mfongo kijijini, mimi au marehemu kaka yake Jesse. Nikaona nisichelewe. Mabingobingo, yale majani marefu ya ng'ombe, yako mbali kule bondeni, lakini marando ya viazi vitamu yako hapa chini ya nyumba, yameota upya na mvua, laini, yanang'aa maji. Nikafyeka mzigo mzima, nikamwagia Sista wote. Akala kama mwenye harusi. Nikajisifu: unaona, nimegundua kitu Dominika hakijui miaka yote hii. Nikaenda zangu.

Ubishi nilishinda. Saa sita nilirudi.

Sista alikuwa amesimama miguu imepanuka, ubavu wa kushoto umevimba kama ngoma. Ulimi nje, macho yametoka. Nilipopiga ubavu kwa kiganja, ukalia. Nikampigia bwana mifugo, akasema yuko Himo na njia ina tope. “Mzee, mpe mafuta ya kupikia haraka. Usingoje.” Nikaingia jikoni. Chupa ilikuwa tupu. Mafuta nilikuwa nimeyamalizia kwenye mayai ya kukaanga.

Nilisimama pale jikoni na chupa tupu. Nyumba ya karibu ni moja tu. Na mimi ni Sirili. Mguu ulikataa.

Sikulazimika kwenda. Bernadetha alikuwa ameshavuka masale, gauni limepandishwa mpaka magotini, chupa ya mafuta mkononi. Alimsikia ng'ombe, si mimi.

“Umempa nini?”

“Marando.”

“Mabichi? Yenye maji?”

Nikaitikia kwa kichwa.

“Mtoe nje. Miguu ya mbele ielekee mlimani. Upesi, mzee, usinitazame mimi, tazama ng'ombe!”

Tukamtoa. Akamfunga kijiti kinywani kwa kamba, kama lijamu, ili atafune bila kuacha. Nikamshika kichwa, yeye akammiminia mafuta kidogo kidogo. Kisha akaanza kumkanda ubavu, na mimi nikakanda, tukimtembeza hatua mbili, tukikanda, hatua mbili. Mvua inatunyeshea. Niliomba Baba Yetu nikakosea katikati, nikaanza upya. Nilichokuwa nakiona mbele yangu ni kochi la Denis.

Halafu Sista akapiga mbweu. Mbweu moja ndefu, yenye harufu ya viazi, kama mzee aliyeinuka kwenye sherehe ya kipaimara. Ikafuata nyingine. Ubavu ukaanza kushuka. Nilimkumbatia shingo na sitasema zaidi.

Nilipogeuka, Bernadetha anaondoka na chupa yake.

Nikasema, “Mama…”

Hakugeuka. “Ng'ombe hana kesi ya mpaka,” akasema.

Jumanne, 25 Machi

Denis amepiga simu. “Sista mzima?” Nikasema mzima. Leo ni mzima kweli.

Lakini makubaliano yalisema akiugua. Nimeushika ukurasa wa jana kwa vidole viwili, kuuchana ni mara moja tu. Nikafikiri, Dominika ataniuliza tarehe ishirini na nne ilikwenda wapi. Nimeuacha. Bado siku sabini na tano, karatasi yenyewe inaweza kulowa.

Alhamisi, 27 Machi

Sijaenda kwa Jesse. Naogopa kumwacha. Nimechukua kigoda nikakaa mbele ya banda, namwangalia Sista anacheua, kwa kuwa sikuwa na jingine la kufanya. Nimehesabu. Anatafuna mara hamsini na nne, anameza, anatulia kama mtu anayekumbuka jina, kisha donge jingine linapanda shingoni, unaliona kabisa likipanda. Hamsini na tano. Hamsini na mbili. Nilipoinuka ilikuwa saa sita.

Nimeishi na ng'ombe tangu kuzaliwa na sikujua kwamba donge linaonekana likipanda.

30 Machi

Misa. Mvua. Hamsini na sita.

Jumatano, 2 Aprili

Jesse amekuja kuuliza kama naumwa.

“Siumwi. Nina kazi.”

“Kazi gani? Nakuona umekaa.”

“Ndiyo kazi yenyewe. Kaa na wewe.”

Akakaa kwenye ndoo. Tukamwangalia Sista. Baada ya muda Jesse akasema, “Ana nundu ndogo chini ya jicho.” Nikamwambia ni alama ya kuzaliwa. Akasema, “Mimi ng'ombe wangu ana jicho la rangi gani?” Akafikiri. “Sijui, Sirili. Haki ya Mungu sijui.” Akaondoka mbio kwenda kwake kutazama.

Isale moja la mpakani limeangukia upande wangu kwa uzito wa mvua. Nimelipita tu.

Jumapili, 6 Aprili

Nimejua kwa nini Dominika alikuwa anachelewa kurudi na majani.

Miaka yote hiyo nilikuwa nasema ni umbea. Leo nimepita njia yake kule kwenye mfongo, mzigo ukanishinda, nikautua juu ya jiwe. Jiwe hilo limelika katikati. Limekaa kama kiti. Pembeni kuna shimo dogo la kisigino chake. Nikakaa. Maji yanapita karibu na magoti, yanazungumza. Mbele, migomba imeachana kidogo, na katika huo mwanya Kibo ya Kilimanjaro ilikuwa wazi yote, nyeupe, kabla mawingu hayajaifunika. Ukikaa hatua moja kushoto huioni. Ukikaa hatua moja kulia huioni.

Dominika ameolewa na mimi miaka arobaini na tisa na alikuwa na kiti nisichokijua.

Nimechelewa kurudi. Sista amelia sana.

10 Aprili

Mundu wa Dominika umetundikwa kwenye msumari wa kimo cha kiuno chake. Mimi huinama kuuchukua. Siuhamishi.

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili

Sista anapenda mabingobingo yaliyokauka umande, yachanganywe na mgomba uliokatwa vipande vyembamba, kisha majani makavu kidogo. Hapendi kuchekewa wakati anakula. Sasa nasema na mtu yeyote juu ya ng'ombe, hata daktari.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Nimefunga. Sista hakufunga.

Jumatano, 23 Aprili

Leo nimeona jambo, na natamani nisingeliona.

Nilikuwa nakata majani mpakani. Lile isale lililoanguka tarehe mbili bado liko chini. Nikataka kulisogeza, likakataa. Nikainama. Pale shina lilipogusa udongo limetoa mizizi, myeupe, minene kama vidole vya mtoto. Na kichwa chake kimeinuka, kimesimama, kinaota. Wiki tatu tu, limejipanda lenyewe, hatua nzima upande wangu.

Nikaweka mundu chini. Nikapiga magoti kwenye tope, nikaanza kuchimba kwa mkono upande wa Filemon. Nikakuta kisiki kilichooza. Nikapima, nikachimba tena, kisiki kingine. Na kingine. Vyote katika mstari mmoja ulionyooka, pale pale baba yangu alipopanda na baba yake Filemon ameshika kamba. Hatua moja na nusu.

Hakuna mkono uliong'oa chochote. Masale yalitembea yenyewe, yakianguka na kusimama, yakianguka na kusimama.

Kwa nini yaje kwangu, yasiende kwake? Nilikaa pale mpaka nikajibu. Kwa Filemon kuna miti mikubwa, ni kivuli kitupu. Kwangu kuna jua. Na jua hilo nililileta mimi, miaka kadhaa kabla ya ile kesi, nilipokata miti yangu mitatu ya miringaringa kupata mbao za paa. Wote mnakumbuka nilivyoringia lile paa.

Nilifungua jua, masale yakafuata jua, nikamwita mtu mwizi.

Alhamisi, 24 Aprili

Sijaenda.

25 Aprili

Mvua kubwa. Sijaenda.

26 Aprili

Mvua imekatika. Sijaenda.

Jumapili, 27 Aprili

Kanisani alikaa benchi la mbele yangu. Padri aliposema tutakiane amani, niligeukia nyuma nikamshika mkono mzee wa kiti cha nyuma kwa muda mrefu sana. Sijaenda.

Jumatatu, 28 Aprili

Sista amekula vibaya. Anajua.

Jumanne, 29 Aprili

Nimekwenda.

Nilikata jani la lile isale lililotembea, hilo hilo, nikalifunga fundo. Kwetu ukiletewa isale lenye fundo huwezi kukataa. Baba zetu walisamehe hata damu kwa jani hilo. Nilikuwa nimewahi kupokea masale ya watu wengi, maana nimekuwa mzee wa kesi. Kubeba sijawahi. Ni jani dogo, na lilikuwa zito kuliko marando ya tarehe ishirini na nne.

Bernadetha alikuwa uani anamenya ndizi.

“Tumsifu Yesu Kristo.”

“Milele amina.” Akaona jani. Kisu kikasimama.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Mimi kwa hotuba mnanijua. Haikuja. Nikasema, “Masale yalitembea yenyewe. Nimechimba, nimeona. Filemon hakugusa.”

Akaweka kisu chini. Kisha akasema, “Miaka kumi na tisa, Baba Denis.”

“Ndiyo.”

“Yapo hatua thelathini kutoka mlangoni kwako.”

“Ndiyo. Sikuwa nasimama pale. Nilikuwa napita.”

Akafuta mikono kwenye kanga, akalishika jani, hakulipokea. “La kwangu nimesamehe siku ile ng'ombe alipopiga mbweu. Hili ni la Filemon. Mpelekee mwenyewe.”

Kaburi liko nyuma ya nyumba, chini ya migomba, kama walivyolala wa kwetu wote. Akasimama mbali kidogo. Nilimwambia Filemon nilichokuwa nacho, na hicho sikiandiki. Nikachukua udongo kiganjani, ule niliokuwa nadaiwa tangu miaka minne iliyopita, nikautupa. Jani nikaliweka kichwani pake.

Tuliporudi uani akaniwekea ndizi na maharage. “Unajua alikuwa anasema nini juu yako?” akaniuliza.

“Alinilaani.”

“Alikuwa anasema, Sirili ni mwongo, lakini bila yeye mbege haina chumvi.”

Nikacheka, nikapaliwa na ndizi. Bernadetha akanipiga mgongoni kwa nguvu, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

30 Aprili

Sista amekula vizuri. Hamsini na nane. Haijawahi kufika hapo.

6 Mei

Bernadetha na mimi tumekubaliana mpaka ubaki ulipo. Mdogo wake Filemon alitaka tupime upya. Tukamwambia masale yana haki ya kuota jua.

Jumamosi, 10 Mei

Kahawa inajaza. Mapacha wa Gladys wanacheka sasa, Dominika amesema kwenye simu. Akauliza, “Umekonda?” Nikadhani ananiuliza mimi, kumbe ni Sista. Nikamweleza Sista kwa muda wa dakika ishirini, jinsi anavyolala, ubavu gani, jinsi ndama anavyopiga teke baada ya maji ya jioni. Upande wa pili kimya. Nikasema, “Halo? Mtandao?”

“Nipo,” akasema. “Nasikiliza.”

17 Mei

Mvua ndogo. Nimekaa jiweni. Kibo haikutoka. Nimekaa hivyo hivyo.

Alhamisi, 29 Mei

Mkia wa Sista umelegea kwenye shina. Kiwele kimejaa, chuchu zinang'aa. Nimempigia Denis. “Sista anazaa Jumamosi kabla ya adhuhuri.”

“Baba, ng'ombe hana saa.”

“Njoo uone.”

“Nitakuja, ndiyo. Nina maneno na wewe. Nimesikia sokoni Kwa Sadala, kule Hai, kwamba ng'ombe alikuwa amevimba huko.”

Kilima hiki hakina siri. Mbweu ya Kirua imesikika mpaka Hai.

Jumamosi, 31 Mei

Denis amefika saa nne, viatu vya mjini, uso wa hakimu. “Shikamoo baba. Nieleze habari ya Machi.”

“Marahaba. Vua viatu.”

“Baba, makubaliano…”

“Denis, miguu ya ndama imetoka. Vua viatu, utazungumza baadaye.”

Bernadetha alikuwa ameshawasha moto wa maji. Miguu miwili imetoka, kwato zimetazama chini, vizuri, lakini pua haikufuata. Sista alisukuma, akapumzika. Denis akasema, “Tuvute! Tuvute!” Nikamwambia, “Ngoja. Ana namna yake. Anapumzika kwanza kama anayekumbuka jina, halafu anarudi.” Nikaweka mkono kwenye ubavu ule ule wa kushoto. Nikangoja. Nilihesabu. Nilipohisi anajikusanya nikasema sasa, na Denis akashika mguu mmoja, mimi mwingine, tukavuta kuelekea chini pamoja naye, si kumtangulia. Pua ikatoka, kichwa, kisha mwili wote ukaja kwa mara moja na maji yote yakamwagikia suruali ya Denis.

Ndama jike. Mweusi, uso mweupe. Hakupumua.

Nikatoa ute kinywani kwa vidole. Bernadetha akaingiza bua la nyasi puani, akalizungusha. Kimya. Denis akawa anasema, “Baba, baba, baba,” kama alipokuwa na miaka minne. Nikamsugua ndama kifuani kwa majani makavu, nikamsugua, sikufikiri kochi, sikufikiri chochote kilicho nje ya mikono yangu. Akapiga chafya.

Akapiga chafya ya pili, akatikisa masikio, na Sista akageuka akaanza kumlamba, akatulamba na sisi mikono, bila kuchagua.

Denis alikaa kwenye tope na suruali yake. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. “Ulisema Jumamosi kabla ya adhuhuri. Saa tano na robo! Baba, ulijuaje?”

“Nilikuwepo,” nikasema.

Bernadetha amempa jina. “Mama ni Sista,” akasema, “basi huyu ni Novisi, anasomea usista.”

Jumapili, 1 Juni

Wanaume wa kwetu hawakamui. Mimi nimekamua. Bernadetha alinionyesha mara mbili, mara ya tatu Sista akakubali. Novisi amenywa kwanza akashiba, kisha nikakamua dang'a, yale maziwa mazito ya manjano. Kikombe cha kwanza nimevusha mpaka, kwa Bernadetha.

Jesse amepita akaona. Ameahidi hatasema. Kufika saa saba kijiji kizima kinajua. Saa tisa wakaja watatu kuuliza kama nafundisha.

5 Juni

Novisi anaruka. Mimi pia, moyoni.

Jumapili, 8 Juni

Siku ya tisini. Pentekoste. Denis amemleta mama yake kutoka stendi.

Dominika hakuingia ndani. Amekwenda moja kwa moja bandani, amemshika Sista mgongo, mbavu, chini ya jicho. Amemtazama Novisi kwa muda. Halafu akanyoosha mkono kwangu. Nilidhani anataka kunisalimia. “Daftari,” akasema.

Akakaa kwenye kigoda changu, akasoma kwa sauti, mbele ya Denis, Bernadetha na Jesse aliyejialika. Kwenye majani ya kijani walicheka. Kwenye mayai ya kukaanga walicheka zaidi. Alipofika tarehe ishirini na nne Machi, sauti ilipungua, lakini hakuruka neno. Ukurasa haukuwa umelowa hata kidogo. Kwenye jiwe alinyamaza, akasoma peke yake kwa midomo, akafunua mbele. Kwenye kaburi la Filemon, Bernadetha alimshika bega.

Alipofunga daftari, Denis akakohoa. “Mama, makubaliano yalisema akiugua. Na aliugua. Yeye mwenyewe ameandika. Sisemi kwa ubaya, lakini shahidi ni wewe.”

Sikusema kitu. Kwangu hilo ni jambo la kuandikwa peke yake.

Dominika akamtazama kijana wake. “Denis,” akasema, “wengine wote wangeuchana. Na mimi baba yako nilimwacha kilabuni, leo nimemkuta nyumbani. Unataka kumpeleka wapi tena?”

Denis akatazama chini. Kisha akacheka, akasema, “Basi kile chumba nitaweka mashine ya kufulia.” Nikamwambia aanze na ile suruali.

Jumatatu, 9 Juni

Tumetoka kukata majani, mimi na Dominika. Amepita mbele bila kusema, mpaka mfongoni, mpaka kwenye jiwe lake. Akakaa. Akasogea.

Jiwe lile halikuchongwa kwa ajili ya watu wawili. Tumekaa nusu nusu, mimi naiona Kibo kwa jicho la kulia, yeye kwa la kushoto.

Tumechelewa kurudi. Sista ametugombeza.